Heshima ya Kizimba Namba Moja

Kama unadhani maonyesho ya mifugo ni watu kuleta ng'ombe uwanjani na kuwatazama, basi hukumjua Katibu. Kwake maonyesho yalikuwa kazi ya miezi kumi na moja, na mwezi wa kumi na mbili aliumwa mgongo. Alikuwa katibu wa chama cha wafugaji kwa miaka ishirini na sita. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha lisilofungika, meza iliyowekewa kigae chini ya mguu mmoja ili isiyumbe, na kabati la barua ambalo yeye peke yake alijua kulifungua: unalipiga teke chini kushoto, kisha unavuta.

Barua za waamuzi zilitoka miezi sita kabla, maana mwamuzi mzuri wa ng'ombe ni mtu wa kuringa, na ukimchelewesha atakwambia ana safari. Baada ya hapo ni uwanja. Nguzo zilizoliwa na mchwa zing'olewe, vizimba vipakwe chokaa, maranda yaagizwe kwa maseremala kabla wenye kuku hawajayamaliza. Tepe za washindi alizishona mkewe, na mwaka ambao kitambaa chekundu kilipungua, mama huyo alikata pazia la sebuleni bila kumwuliza mtu. Namba za vizimba Katibu aliziandika mwenyewe kwa brashi, moja hadi sitini na nne, na ole wake aliyeegemea rangi haijakauka.

Lakini kitu alichojivunia kuliko vyote kilikuwa hori. Zamani maji yalibebwa kwa ndoo, na kila mwaka watu wazima walitukanana bombani mbele ya watoto. Katibu akachora, akapima kwa kamba, akasimamia mafundi mpaka likajengwa hori moja la saruji lililopita mbele ya vizimba vyote, lenye mteremko mdogo usioonekana kwa macho. Ukifungua bomba kwenye kizimba namba moja, maji yanatembea yenyewe mpaka sitini na nne. Wageni kutoka vyama vingine walikuja kulitazama, na yeye alijifanya ni kitu kidogo tu.

Na palikuwa na heshima ya bingwa. Langoni kila mnyama hupangwa foleni, daktari wa mifugo humwinua kwato, humfungua mdomo, na Katibu huandika kwenye daftari: kwato safi, mdomo safi. Ila mnyama aliyeshinda mwaka uliopita hapangi foleni. Anaingia wa kwanza kwa lango dogo, kengele inapigwa, anakwenda moja kwa moja kizimba namba moja. Heshima hiyo Katibu aliianzisha mwenyewe, baada ya mwenye bingwa mmoja kununa akisema wanamkagua ng'ombe wake kama punda wa mnadani. Tangu hapo bingwa hafunguliwi mdomo. Daftarini anaandikiwa safi, basi, na hakuna aliyewahi kuuliza.

Bingwa wa miaka miwili mfululizo alikuwa dume la dada yake. Watu walimwita Bwana Mkubwa, na lilistahili: shingo nene, rangi ya kahawia iliyoiva, na tabia ya kutazama watu kana kwamba wamechelewa. Dada ndiye aliyemlea Katibu. Mama yao alipofariki yeye alikuwa na miaka tisa na Dada kumi na sita. Dada akaacha shule, akawa anauza maziwa mlango kwa mlango ili mdogo wake asome. Kila alichojua Katibu kuandika kilitokana na maziwa yale, na Dada hakuwa mtu wa kumwacha asahau. Sasa alikuwa mjane, na dume lile ndilo lililomfanya asalimiwe kwa cheo. Kombe la bingwa lilikuwa na sharti lake: ukishinda mara tatu mfululizo, linabaki kwako moja kwa moja. Mwaka huu ulikuwa wa tatu.

Siku ya kuingiza wanyama, asubuhi ya Jumatano, daktari alikuwa mpya. Binti mmoja mwembamba, buti zimemzidi miguu, aliyetoka chuoni mwaka uliopita tu.

"Mzee, na huyu wa lango dogo nimwangalie wapi?" aliuliza.

"Huyu haangaliwi, Daktari. Ni bingwa."

"Hata mdomo?"

"Hasa mdomo." Katibu alicheka. "Utanielewa ukikaa. Wewe piga mhuri chini ya ukurasa, juu nitajaza mimi."

Binti alisita. Lakini foleni ilifika barabarani, watu walikuwa wanapiga kelele, na mwenye mvi alikuwa amesema. Akarudi kwenye lango kubwa.

Katibu akafungua lango dogo, akapiga kengele. Dada aliingia akiwa amevaa vizuri, kamba mkononi, bila kutazama kulia wala kushoto. Bwana Mkubwa alikuwa na uzi mrefu wa mate ukining'inia mdomoni. Katibu aliuona. Alitoa leso yake mwenyewe mfukoni akamfuta, kama mtu anavyomfuta mtoto wa ndugu yake kabla ya kupigwa picha.

"Joto," alisema.

"Joto," alijibu Dada.

Akaandika: namba moja, dume, kwato safi, mdomo safi.

Wa mwisho kuingia alikuwa fundi baiskeli, mwenye kibanda karibu na kituo cha posta. Hakuwa mfugaji wa kuzaliwa. Alikuwa na mtamba mmoja, mweusi mwenye baka jeupe kifuani, aliyemnunua akiwa ndama mgonjwa na kumlea nyuma ya kibanda chake kati ya tairi na minyororo. Siku hiyo alikuwa amempaka mafuta ya mgando mpaka anang'aa. Daktari alimfungua mdomo, akasema safi. Katibu hakuridhika. Mgeni ni mgeni, hujui ametoka na nini huko.

"Mrudie," alisema. "Huyu ni mara yake ya kwanza."

Mtamba akafunguliwa mdomo mara ya pili, na fundi akasimama kofia mkononi kana kwamba anayekaguliwa ni yeye. Kizimba sitini na nne.

Alhamisi alasiri, Bwana Mkubwa aligoma kula. Daktari akaingia kizimbani bila kumwomba mtu ruhusa, akamfungua mdomo. Ulimi ulikuwa umechubuka, ngozi imetoka vipande, na kwenye ufizi malengelenge yamejaa maji. Alitoka mwendo wa haraka akaenda kufunga bomba. Maji yalikuwa yametembea siku moja na nusu, kutoka namba moja mpaka sitini na nne, kama yalivyopangwa.

Ugonjwa wa miguu na midomo hauhitaji kuelezwa kwa mfugaji. Lango lilifungwa, hakuna mnyama aliyetoka. Waamuzi waliosafiri siku mbili walirudishwa bila kuhukumu hata mbuzi. Kufikia Jumatatu, wanyama kumi na tisa walikuwa wanachechemea na kutoa mate. Jumanne akaja ofisa kutoka idarani na karatasi. Wote sitini na wanne wauawe hapo hapo, wazikwe hapo hapo, Alhamisi asubuhi.

Watu walikaa kwenye viti vya waamuzi wakaisikiliza ile amri. Kisha ofisa akafungua daftari la langoni.

"Hapa imeandikwa mdomo safi. Mhuri huu ni wa nani?"

"Wangu," alisema daktari.

"Ulimwangalia?"

Binti alimtazama Katibu mara moja tu, hakumtazama tena. Na Katibu, mtu aliyekuwa na jibu la kila barua, aliinamisha kichwa akachezea kalamu. Ofisa akasema daktari asimamishwe kazi, suala lake litapelekwa mbele. Mtu mmoja nyuma akamwita mwuaji. Katibu alilisikia lile neno likipita kando ya sikio lake kwenda kwa mtu asiye mwenyewe, na aibu aliyoipata haina jina. Lakini alikaa.

Jumatano alimkuta Dada kwenye kigoda mbele ya kizimba namba moja, mahali alipokuwa tangu Alhamisi, akienda nyumbani kuoga na kurudi tu.

"Dada, binti wa watu amemwaga unga kwa ajili yangu."

"Ni kijana. Atapata kwingine."

"Lazima niseme. Bwana Mkubwa nilimpitisha mimi."

"Useme ili iweje? Ng'ombe watafufuka?" Alikuwa anamkuna dume kati ya pembe, na lenyewe limelala, halikuinua kichwa. "Mdogo wangu, una miaka mingapi tena ya kazi? Kaa kimya. Mimi nilikaa kimya mangapi kwa ajili yako?"

"Kama ningejua anaumwa—"

"Mimi nilijua," alisema Dada.

Katibu alimtazama.

"Alianza mate Jumatatu ile, bado yuko nyumbani. Jumanne akawa anakula kwa shida. Nikajua langoni hawamfungui mdomo, kwa sababu wewe upo." Alisema bila kupandisha sauti. "Siku tatu tu nilizitaka. Nilifikiri atajikaza siku tatu, kombe liingie ndani, halafu nimtibu. Sikufikiria maji."

Hakulia, na Katibu hakumkemea. Ungemkemeaje mtu aliyekushonea sare yako ya kwanza kwa kanga ya marehemu mama? Alisimama pale mpaka miguu ikafa ganzi, kisha akaenda ofisini, akalipiga kabati teke, akatoa daftari la langoni la mwaka uliotangulia, na la kabla ya hapo, na mengine yote nyuma. Namba moja, mdomo safi. Namba moja, mdomo safi. Miaka kumi na tisa, kwa mwandiko mzuri.

Alhamisi asubuhi shimo lilikuwa tayari nyuma ya jukwaa, refu kuliko hori, magunia ya chokaa yamepangwa ukingoni. Watu wa bunduki walikuwa wawili. Wenye mifugo walisimama kila mtu kwenye kizimba chake, na daktari alisimama kando, bila koti lake jeupe, kwa sababu hakuna aliyemwambia aondoke. Ofisa akampa Katibu daftari asome, namba kwa namba, hali ya mnyama siku alipoingia, ili kumbukumbu ikamilike kabla ya kila mmoja kutolewa. Kwa mpangilio, bingwa kwanza.

"Namba moja," alisoma Katibu. "Dume. Kwato..."

Akainua macho. Dada alikuwa ameshafungua kamba. Alimtazama mdogo wake, na kwa jicho tu akamkataza.

"Kwato hazikuangaliwa," alisema Katibu. "Mdomo haukuangaliwa. Niliandika safi kwa mkono wangu, na mate niliyaona nikayafuta. Daktari alitaka kumwangalia nikamzuia. Andika hivyo, bwana ofisa."

Alijiandaa kutukanwa, hata kupigwa. Hakuna aliyetukana, wala kusogea. Ofisa aliandika. Dada alipita mbele yake na Bwana Mkubwa akichechemea nyuma yake. Kuhusu mate ya Jumatatu kule nyumbani kwa Dada, Katibu hakusema neno, siku ile wala baadaye. Dada naye, mpaka anaingia kaburini, hakumwita tena mdogo wangu.

Mlio wa kwanza ulisikika, mbuzi wakapiga kelele, na Katibu akaendelea kusoma, maana kazi ilikuwa hiyo. Mbili. Tatu. Ishirini. Jua likapanda, chokaa ikawa inapeperuka mpaka kwenye viatu vya watu. Alipofika mwisho alikuwa hana sauti.

Fundi baiskeli alikuwa amempaka mtamba wake mafuta tena asubuhi ile. Mtamba hakuchechemea, hakuwa na mate.

"Sitini na nne," alisema Katibu. "Mtamba. Kwato safi. Mdomo safi."

"Huyu mliangalia kweli?" aliuliza fundi. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayetaka kujua tu.

"Tuliangalia."

"Mara ngapi?"

Katibu alitazama daftari ingawa hakuhitaji kulitazama.

"Mara mbili," alisema.

Fundi aliitikia kwa kichwa. Akavaa kofia yake, akafungua kamba mwenyewe, akampeleka.