Nilimbeba Baba Mkwe Begani, Sasa Wanataka Nipige Magoti

Admin, funika jina langu vizuri, kwa sababu watu wa mume wangu wako kwenye ukurasa huu na wengine huwa wa kwanza kutoa maoni. Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka thelathini na sita, naishi mtaa wa Satellite na nafanya kazi ya ofisi tauni. Nimezaliwa magharibi mwa nchi na nimeolewa huko huko, kwa hivyo msianze kuniambia sijui mila. Naandika nikiwa na hasira na sitajifanya sina.

Miaka miwili iliyopita mgongo ulikuwa umeniisha kwa kukaa kwenye kiti kutwa nzima. Mwenzangu wa kazini akanipeleka kwa mwalimu wa mazoezi kule Muthangari, dada mmoja mkali anayefundisha kwa kettlebell. Kama hujaiona, ni chuma cha duara chenye mshikio juu, kama birika lisilo na mdomo. Unachuchumaa nacho, unakibeba begani, unakirusha mbele kwa nguvu za nyonga huku mgongo umenyooka. Mwalimu alikuwa akinifokea, "Madam, si mgongo. Tumia hips. Mgongo wacha ipumzike." Maumivu yakaisha. Nikanunua changu, nikawa nafanyia mazoezi juu ya paa la ploti tunayokaa, penye kamba za nguo, kabla watoto hawajaamka. Mume wangu alikuwa akicheka. "Sasa unataka kuwa bouncer?" Siku moja alijaribu kukiinua kwa mkono mmoja, akakirudisha chini, akasema ana haraka ya kufungua duka.

Mwaka huu baba mkwe alikuja kukaa kwetu akitibiwa presha. Wanaotoka kwetu wanajua nyumba hubadilika. Mke wa mtoto hamgusi baba mkwe, hata salamu ya mkono hakuna. Nilikuwa naweka chakula mezani na kuondoka, na akiwa sebuleni mimi niko jikoni. Niliyafuata yote bila kununa, kwa sababu mzee ananiheshimu na mimi namheshimu.

Jumapili moja asubuhi, tukijiandaa kwenda kanisani, tukasikia kishindo bafuni. Mzee alikuwa chini, mdomo umeenda upande, mkono na mguu wa kulia umelegea. Macho yalikuwa wazi na alikuwa anatuona. Mume wangu akamshika kwapani, akavuta, akashindwa. Akajaribu tena. Sisi tunakaa ghorofa ya tatu na lifti hakuna. Akasimama na kusema, "Ngoja, wacha nitafute vijana huko stage ya matatu."

Nikamwambia, "Hakuna time. Shika miguu, mimi nishike huku juu."

"Wewe huwezi mgusa. Ngoja wanaume." Akashuka ngazi mbio.

Nilingoja kidogo. Kisha mzee akaanza kukoroma vibaya. Nikamwambia, "Nisamehe, baba," nikachuchumaa, nikamvuta kifuani, nikasukuma kwa nyonga jinsi nilivyofundishwa, nikamweka begani. Nilishuka naye polepole, mkono mmoja ukutani. Jirani wa chini alikuwa anapanguza gari lake la kwenda kanisani, akafungua mlango wa nyuma bila kuuliza. Hapo ndipo mume wangu aliingia getini na vijana wawili. Mmoja akasema, "Waah, mathe, sasa sisi tumeitiwa nini?" Mwenzake akacheka. Niliuona uso wa mume wangu. Haya yote yalianzia pale, hayakuanzia kwenye mila.

Daktari alisema kufika mapema ndiko kulikomwokoa. Mzee sasa yuko kwake nyumbani, anatembea na fimbo, ila ulimi bado haujarudi.

Mnajua nilivyoshukuriwa? Shemeji mkubwa alipiga simu, ikawekwa spika. "Tumesikia ulishika mzee kifua kwa kifua. Bwana yako alikuwa ameenda kuleta gari, si ungengoja? Hiyo chuma ndio imekuharibu kichwa."

Kuleta gari? Gari gani? Nikamgeukia mume wangu, yeye akawa anaangalia zulia. Simu ilipokatwa nilimuuliza, akanijibu, "Ulitaka niwaambie nini? Ati nilishindwa kubeba baba yangu?" Kesho yake chuma changu hakikuwepo. Nilikikuta dukani kwake Dagoretti Corner, kimewekwa kuzuia mlango usijifunge. Nilikichukua kwa mkono mmoja mbele ya wateja wake nikaenda nacho nyumbani kwa miguu. Tangu hapo hatuongei, ni watoto wanaotupelekea maneno.

Sasa Jumamosi kuna maombi ya shukrani huko nyumbani kwa sababu mzee amepona. Nimepangiwa niende na kondoo, nipige magoti mbele ya ukoo mzima kabla ya chakula, niombe msamaha, na niseme sitashika chuma tena. Yaani watu watamshukuru Mungu kwamba mzee yuko hai, kisha mimi niombe msamaha kwa sababu yuko hai. Nisipoenda, shemeji amesema nisijione kama nimeolewa pale.

Juzi walipiga simu ya video watoto wamsalimie babu. Niliposogea kuchukua chaja, akaniona. Alijaribu kusema, maneno yakakataa. Basi akainua ule mkono mzima, akajigonga begani, akaniangalia, akajigonga tena. Shemeji alidhani anawashwa, akamkuna.

Mzee alikuwa macho siku ile bafuni. Aliona nani alishuka na nani alibaki, na hawezi kulisema. Mume wangu anaweza, na hataki. Nimebaki mimi. Nyinyi mnaosoma, na hasa mlioolewa kwetu, nisaidieni kabla ya Jumamosi. Nipige magoti ninyamaze niokoe ndoa, au nisimame nimwambie kila mtu kwamba mtoto wa mzee alikuwepo, akashindwa kumwinua?