Kikapu Kilichochukuliwa Kabla ya Kumwagwa

Nakumbuka mchana mmoja kule Chilangala, mwanangu. Hadi leo sijausahau.

Shule niliiacha mapema, kwa kutotulia tu. Nikashuka Masasi, nikapanda Newala, nikifungua kila chenye skrubu nione ndani kuna nini. Ndivyo kituo cha afya cha Chilangala kilivyoniita niangalie kompyuta iliyokuwa ikipeleka picha za eksirei kwa daktari wa Masasi. Nilipofika wakaniambia picha zilikuwa zikikwama, lakini fundi aliyenitangulia keshatengeneza, sasa zinakwenda mbio. Nikajaribu kwa ujumbe mfupi, ukajibiwa. Nikasema iko salama.

Mchana huo Baba Pili alimleta binti yake, Pili, aliyeanguka kutoka kwenye mkorosho, mguu umevimba. Nyuma yao akapigwa picha mzee mmoja mwenye kidonda sugu mguuni. Mama Zuhura, muuguzi, akazituma picha zote mbili kwa pamoja. Haikupita muda, daktari akapiga simu.

"Huyu mtoto mleteni leo hii. Mfupa wa chini umeliwa wote. Mguu utakatwa."

Baba Pili aliketi sakafuni. Aliuliza tu, "Kwa kuanguka mkorosho?"

Mama Zuhura akanigeukia. "Wewe, picha imefika sawasawa?"

"Kompyuta imeandika imetumwa, Mama."

"Sijakuuliza imeandika nini. Ukimsalimia mkweo shikamoo, unaondoka kabla hajaitika?"

Akamwomba daktari aturudishie picha ile ile aliyoiona. Ilipofunguka, sote tuliinamia skrini. Juu ulikuwa mguu wa Pili. Kuanzia katikati kwenda chini ulikuwa mguu wa yule mzee. Miguu miwili ya watu wawili imeungana, na jina la mtoto limeandikwa pembeni. Nilitazama pembeni, nikatazama tena, nikidhani macho yangu ndiyo mabovu.

Nikaketi kuisoma draiva, ile programu inayoiendesha kadi ya mtandao. Picha haiendi nzima. Hukatwa vipande, tunaviita pakiti, na kila kipande hutiwa mahali pake ndani ya kompyuta ili kadi ikichukue. Wewe umekulia huku, unajua: ukimpelekea jirani mihogo, kikapu hukidai. Atamwaga mwenyewe, atatia hata kiganja cha mbaazi, ndipo akurudishie. Pale panapotiwa kipande ndipo kikapu, na kadi ndiye jirani; draiva nayo ilipaswa kungoja hivyo hivyo mpaka kadi imalize kuchukua. Yule fundi, kwa kuona vikapu vinachelewa kurudi, aliiamuru isingoje. Ikawa inampokonya jirani kikapu mlangoni kabla hajamwaga, na kukijaza kipande kingine. Ndivyo mfupa wa mzee ulivyoingia kwenye kikapu cha Pili. Ujumbe wangu mfupi ulipita kwa sababu ulikuwa kikapu kimoja tu.

Na vikapu havikuwa vikichelewa. Kadi ilikuwa ikipiga hodi moja kurudisha vingi, draiva ikiokota kimoja na kufunga mlango. Nikaiandika upya iokote vyote, na isijaze kikapu ambacho hakijarudi. Tukatuma tena picha zote mbili, tukaomba zirudishwe, tukazilinganisha.

"Huyu mtoto ana ufa tu," alisema daktari. "Mfungeni plasta." "Nilikuwa nimeshaagiza chumba kiandaliwe."

Baba Pili aliinuka, akaupitisha mkono kwenye mguu wa mwanawe toka goti hadi vidole, kama anayeuhesabu.

Nilidhani yameisha. Mama Zuhura hakuwa ameketi bado.

"Na waliotangulia?" aliuliza. "Tangu fundi yule aondoke?"

Nikamfungulia orodha ya picha zilizotumwa. Alianza kuwapigia simu jioni ile ile, mmoja mmoja, warudi wapigwe picha upya. Nilikaa kando yake nikisikiliza kila simu ikiita, nikiogopa ile ambayo haingepokelewa. Zote zilipokelewa.

Basi sikia, mwanangu. Kazi ikikwama, usiifanye ionekane inakwenda, tafuta kinachoikwamisha. Usiseme kitu kimefika mpaka aliyekipokea akujibu. Ukigundua kosa, uliza kama Mama Zuhura: ni nani mwingine limempata? Skrini haina mtoto. Baba Pili anaye.

Mungu akupe mikono yenye subira. Kila unachokipeleka kwa watu kikafike kizima, na kikapu chako kisirudi kitupu.