Maua ya Karatasi kwa Babu

Juzi sokoni Tunduma niliona mashada ya plastiki yakining'inia dukani, nikasimama. Nilikumbuka alasiri moja barazani kwetu, mama na mama mdogo, aliyekuwa amevuka mpaka kutoka Nakonde, upande wa Zambia, wakikata karatasi za rangi na kuzikunja kuwa maua. Gundi ya unga wa ngano ilinuka uchachu kwenye sufuria, na honi za malori hazikunyamaza barabarani.

"Harusi ya nani?" niliuliza.

Mama aliinamia karatasi zake. Mama mdogo ndiye aliyenijibu, "Tunampelekea babu yako, kule kijijini Isansa."

Basi babu alikuwa anaoa. Nilikunja ua langu jekundu, kubwa na lililopinda, mama akalifunga katikati ya mengine bila kulirekebisha. Machozi yake sikuyaelewa. Nilidhani anamwonea huruma bibi.

Tulipofika Isansa watu walikuwa wamejaa uani, nami nikapiga vigelegele kwa nguvu zangu zote. Sauti zote zilikatika. Mama alinivuta mkono. Nilimtafuta babu kwa macho nisimwone, wala sikujua nimekosea wapi.

Bibi alikuwa ameketi mkekani. Alinipakata, akasema, "Mwacheni mtoto. Babu yake angecheka."

Leo najua tulikwenda kuzika. Lakini jioni ile, mapajani mwa bibi, niliendelea kuuliza bibi harusi atakuja saa ngapi, naye kila mara alinijibu kwa upole, "Bado kidogo, mjukuu wangu."