Gari la Baba Akinyi

Juzi nilipita mtaa wa Satellite kununua sukuma wiki, nikakuta gari limesimama kando ya barabara, boneti juu, mvuke ukifuka kama sufuria ya githeri. Mwenyewe, kijana aliyevaa tai, alikuwa akilipepea kwa gazeti kana kwamba ni mtu aliyezimia kanisani. Nilipokaribia, harufu ikanipiga: maji ya kutu yaliyochemka pamoja na oili, na mpira ulioanza kuungua. Kuna watu ambao harufu ya utoto wao ni maziwa, au moshi wa kuni. Yangu mimi ni hiyo. Nilisimama pale hadi mama mboga akaniita mara mbili. Leo nitawaambieni ni kwa nini, ingawa kwa miaka mingi sikumwambia mtu.

Baba yangu alikuwa fundi wa magari kule Makina, Kibera, katika kiwanja kilichozungushiwa mabati nyuma ya maduka. Sisi tulikaa Kabiro, kwenye ploti ya vyumba kumi vilivyotazamana, na mfereji mmoja wa maji katikati. Kila asubuhi alitoka kwa miguu, ovaroli ikiwa ndani ya mfuko wa karatasi, na jioni akarudi kwa miguu. Jumamosi nilimpelekea chakula, na huko ndiko nilikojifunza malalamiko ya wenye magari jinsi watoto wengine walivyojifunza katekisimu.

Magari yenyewe yalikuwa makuukuu, yaliyopita kwa watu watatu au wanne kabla ya kumwangukia mwalimu au muuza viazi. "Fundi, hii gari ilikuwa inaenda sawa mpaka jana." "Fundi, naweka maji asubuhi, nikifika Ngong yameisha. Yanaenda wapi?" Mchungaji mmoja aliapa kwamba aliyemuuzia lake alimwonyesha alfajiri, wakati wa baridi, makusudi, ili lisichemke mbele ya mnunuzi. Baba aliwasikiliza akiwa amelala chini ya chuma, miguu tu ikionekana, na jibu lake lilikuwa moja: "Gari haifi ghafla. Inalalamika kwanza. Mwenyewe anasikia, ila hataki kusikia."

Siku moja alichomoa kijiti cha kupimia oili katika injini ya muuza viazi, akaniinamishia nione. Oili haikuwa nyeusi. Ilikuwa imepauka, nzito, rangi ya chai ya maziwa.

"Ukiona hivi, Nekesa, gasketi ya hedi imekwisha. Maji yameingia kwa oili. Hapo hata uombe na kufunga, hiyo gari haipandi mlima."

Nilikuwa na miaka kumi. Sikuwahi kusahau.

Sasa, chumba kilichotazamana na chetu kilikuwa cha Baba Akinyi. Alikuwa mpishi katika nyumba moja kubwa upande wa Lavington, mtu mpole, mrefu, aliyependa kuimba akinyoa ndevu. Binti yake Akinyi alikuwa wa rika langu. Tulikaa dawati moja shuleni, tukachangia kitana, tukachangia hata chawa. Kisha mwajiri wa baba yake akarudi kwao ng'ambo, na katika kugawa vitu vyake akamwachia mpishi gari lake kuukuu, la kijani kama parachichi. Watumishi wengine waliachiwa masufuria.

Jioni gari lile lilipoingia ploti, watu wote walitoka. Wamama walipiga vigelegele. Baba naye alitoka, akazunguka gari mara mbili, akapangusa taa kwa mkono wa shati, akacheka kwa sauti kubwa kuliko ilivyokuwa desturi yake. "Hongera, Baba Akinyi. Sasa wewe ni mtu mkubwa."

"Ah, Baba Nekesa, ni letu sote. Na wewe ndio daktari wake."

Daktari! Neno hilo lilinichoma. Baba yangu aliyajua magari ya Nairobi nzima, kwa mlio tu angeweza kukwambia ni nini kinachouma, na hakuwa na hata baiskeli. Mtu ambaye kazi yake ilikuwa kukaanga mayai ndiye aliyepewa gari. Nililala nikiwa nimekunja ngumi.

Wivu wa mtoto hauna adabu. Sikutaka tu sisi tuwe na gari, nilitaka wao wasiwe nalo. Jumapili Akinyi aligeuka mgawaji wa viti: huyu dirishani, huyu katikati, huyu abaki aende kanisani na miguu. Mara ya kwanza nilipoitwa niingie, alinitazama mikono. Nilikuwa nimetoka kumfulia baba ovaroli, na kucha zangu zilikuwa nyeusi.

"Usishike kiti, Nekesa. Uko na mafuta."

Watoto walicheka. Sidhani Akinyi alikusudia ubaya. Alikuwa akirudia onyo la mama yake. Lakini nilishuka, nikaenda kanisani kwa miguu, na njia nzima nikaomba gari lile lichemke.

Likachemka. Halikumaliza mwezi. Baba Akinyi alianza kuja kwetu jioni na malalamiko yaleyale ya Makina: maji yanaisha, mshale wa joto unapanda, kuna harufu. Baba alibadilisha mkanda wa feni, akazibua rejeta ya kupozea maji, akamwonya asikimbize. Baadaye, tukila ugali, alitusimulia maradhi ya gari lile moja baada ya jingine, kwa hamu, kama mtu anayesimulia kisa kitamu, mpaka mama akamwambia, "Baba Nekesa, kula. Chakula kinapoa." Nilimpenda sana baba nyakati hizo. Nilidhani ananisimulia mimi.

Ndipo Ijumaa moja ikaja habari kutoka ziwani. Nyanya yake Akinyi, mama yake Baba Akinyi, alikuwa mgonjwa sana na alikuwa akimwulizia mwanawe, ambaye ni mmoja tu. Baba Akinyi aliomba ruhusa kazini, akaamua waondoke alfajiri ya Jumamosi kwa gari, familia nzima, hata wadogo wawili wa Akinyi. Mkewe alianza kufunga mizigo, yeye akaenda dukani kutafuta sukari na blanketi ya mgonjwa, akamwachia baba ufunguo. "Niangalilie tu, Baba Nekesa. Ukisema iko sawa, niko sawa."

Jua lilikuwa bado halijazama. Baba alifungua boneti, mimi nikamshikia kitambaa. Akachomoa kijiti, akakipangusa, akakirudisha, akakichomoa tena.

Chai ya maziwa.

Alikaa akikitazama kile kijiti kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akafunga boneti polepole.

"Nekesa. Baba Akinyi akirudi, mwambie gari isiende. Mwambie oili imeingia maji, mlima wa Mau haiwezi. Washike basi asubuhi, watafika jioni hiyo hiyo. Umesikia?"

"Nimesikia, baba."

Akanipa ufunguo, akavaa koti, akaenda zake kwa mkutano wa wanakwaya.

Nilimngoja Baba Akinyi kwenye kizingiti chetu. Aliporudi nikamfuata hadi mlangoni pake, maneno yote yakiwa tayari mdomoni. Ndani, Akinyi alikuwa amesimama juu ya kitanda akivalishwa gauni jipya kupimwa, jeupe lenye mshipi wa bluu, na miguuni alikuwa na soksi. Soksi za kusafiria! Alipoona ni mimi, akajizungusha.

"Nitakaa mbele na baba mpaka Kisumu," akasema. "Wewe ushafika Kisumu?"

Nilikuwa sijafika hata Limuru.

"Haya, mama," Baba Akinyi akaniambia, akipokea ufunguo kwa mikono miwili kama kawaida yake, "daktari amesemaje?"

Ningependa kuwaambieni kwamba nilisahau, au kwamba niliogopa. Sikusahau wala sikuogopa. Nilizitazama zile soksi, nikasema:

"Amesema safari njema."

Baba Akinyi alicheka kwa furaha. Mkewe akanipa mandazi mawili. Nilikula yote mawili.

Baba aliporudi kutoka kwaya, mlango wao ulikuwa bado wazi, taa ikiwaka, wakicheka. Alipita. Aliingia kwetu, akavua koti, akaketi. Nilikuwa nimelala nikijifanya nimesinzia, nikingoja aniulize, "Ulimwambia?" Kama angeuliza, ningelia na kusema kweli. Hakuuliza. Alfajiri nilisikia injini ikikohoa, ikashika, milango ikifungwa, sauti ya Akinyi ikiaga watoto ambao hata hawakuwa wameamka. Nilijifunika blanketi kichwani. Nilikuwa bado nadhani mtu mzima fulani atatokea alisimamishe.

Hakutokea mtu. Gari lilienda.

Walikaa huko zaidi ya wiki mbili. Waliporudi, walirudi kwa basi, na Baba Akinyi alikuwa amenyolewa kichwa. Watu wa ploti walikusanyika kwake kumpa pole, nasi tukaenda, mimi nyuma ya mama.

Alisimulia bila hasira. Gari lilichemka Limuru, wakalipoza. Likachemka tena Gilgil. Mwendo wa jogoo, alisema, hatua mbili na kusimama. Kwenye mlima wa Mau likalia kishindo kimoja, likanoki, likafa kabisa, na mvua ikaanza. Walilala humo ndani kwa baridi, wote watano, na hakuna basi lililosimama siku iliyofuata mpaka alasiri, lilipopita lori la kabichi likawachukua. Walipofika nyumbani Jumatatu asubuhi walisikia kilio kabla ya kuona boma. Mama yake alikuwa amekata roho Jumapili jioni. Jumamosi yote na Jumapili yote alikuwa amewaagiza wamweke kitandani akielekea mlango, na kila aliyeingia alimwuliza, "Ni yeye?"

Mama yangu alijifuta machozi. Baba Akinyi akamgeukia baba.

"Wewe usijilaumu, Baba Nekesa. Uliiangalia vizuri, ukatuma mtoto aseme safari njema. Ilikuwa tu haikupangwa."

Niliona shingo ya baba ikikaza. Akageuka, akanitazama. Nilijua kwamba sasa atasema, na chumba kizima kitanigeukia, na Akinyi, aliyekuwa ameketi sakafuni na gauni la rangi ya majivu, atajua.

"Pole sana, ndugu yangu," baba akasema. "Hata fundi haoni kila kitu."

Nilingoja kiboko usiku huo, na wiki hiyo, na mwezi huo. Hakunigusa. Hakuwahi kunitajia. Alikodi lori na rafiki zake, akaenda Mau kulivuta gari lile mpaka Makina, na kila Jumamosi kwa miezi mingi akalifanyia kazi bila kumlipisha Baba Akinyi hata senti, mpaka likatembea tena. Mimi nilimpelekea chakula, nikamtazama akisugua silinda, nikawaza: anafanya haya kwa ajili yangu. Amejitwisha kosa langu ili nisiaibike. Hakuna baba kama huyu Nairobi nzima. Kwa miaka nilimpenda kwa upendo wa mtu aliyeokolewa, na nilimwogopa Akinyi. Mwishowe nilihama dawati, na urafiki ukafa wenyewe, naye hakujua sababu.

Nilimwungamia baba akiwa mzee, amerudi nyumbani upande wa Bungoma, nami nina watoto wangu. Tulikuwa tukipukuchua mahindi barazani. Nilimwambia yote: soksi, mandazi, nilivyosema. Nikamshukuru kwa kunificha siku ile mbele ya watu.

Aliendelea kupukuchua hindi moja mpaka likaisha.

"Mimi sikukuficha wewe," akasema. "Jioni ile nilipita kwa mlango wao, nikasikia wanacheka, nikajua hujasema. Mtu aliyeambiwa gari yake imekufa hacheki vile. Asubuhi nilikuwa kwa mfereji, napiga mswaki. Wakapita hapa, karibu hivi. Baba Akinyi akanipungia mkono."

Akachukua hindi lingine, akalishika tu.

"Na mimi nikampungia."

Nilimtazama mikono, nikaanza kuelewa mambo niliyokuwa nayo tangu utotoni bila kuyasoma: kile kicheko kikubwa siku gari lilipoingia, hamu aliyokuwa nayo akisimulia maradhi yake, na kwamba mlango wa Baba Akinyi ulikuwa hatua kumi na mbili kutoka kwetu, naye akamtuma mtoto wa miaka kumi kubeba neno zito kama lile. Pengine aliniona nilivyokuwa nikilitazama lile gari. Pengine alijua ni nani wa kutumwa. Hilo sikumwuliza, na sasa hayupo wa kuulizwa.

Miaka yote nilikuwa nimeamini kwamba wivu katika nyumba yetu ulikuwa wangu mimi peke yangu, uchafu wa mtoto mmoja mbaya katika nyumba ya watu wema. Siku ile barazani niligundua tulikuwa tumeulea wawili, kila mmoja akidhani mwenzake amelala.

"Akinyi yuko wapi siku hizi?" baba aliniuliza baadaye.

Nikamwambia nilisikia yuko Kisumu, ni mwalimu.

"Umri wangu hauniruhusu kufika huko," akasema. "Wewe unaweza."

Na kweli ninaweza. Basi huondoka asubuhi, hufika jioni hiyo hiyo. Bado sijaenda.