Dhamana Kabla ya Pingu

Kwetu Kenya tunamwogopa polisi wa Ijumaa. Akikushika siku hiyo utalala ndani hadi Jumatatu, mahakimu wakiwa makwao. Kwa hiyo Mhindi niliyekuwa nikiishi naye chumba kimoja Bani Malik, huku Jeddah, aliponionyesha tiketi yake ya kwenda India, nilishtuka kabla yake. Ilikuwa ya Ijumaa jioni, kutoka Riyadh.

Tiketi ilinunuliwa na kafili wetu, bosi mwenye vibali vyetu. Alisikia mama wa fundi wake wa viyoyozi yu mahututi, akampa tiketi na ruhusa ya kwenda na kurudi ndani ya miezi miwili. "Yalla, mama ni mama," alisema. Mimi nilikuwa napeleka gari lake Riyadh, basi tukaambiwa tufuatane. Nani angemwambia mzee mkarimu vile asubiri kidogo, kuna kesi India? Akisikia neno polisi, halas, kazi imekwisha.

Kesi yenyewe ilikuwa ya ua. Kaka zake waligombania mpaka na jirani, jirani akapasuliwa kichwa, na kwenye mashtaka akawataja ndugu wote, hata huyu aliyekuwa Jeddah juu ya ngazi akijaza gesi.

"Si utawaonyesha pasipoti?" nilimwuliza.

"Nitawaonyesha, sadiki. Lakini nikiwa seli, na mama anazikwa?"

Ndiyo maana wakili wake aliiomba mahakama impe dhamana kabla hajakamatwa. Mimi nilidhani dhamana huja baada ya pingu. Ombi lingesikilizwa Ijumaa hiyo hiyo, tukiwa njiani. Wakili alionya kwamba si kila jaji humsikiliza mtu aliye nje ya nchi, na bila amri asipande ndege, kwani jina lake lilishafika uwanja wa ndege wa kwao.

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri. Sijapata kuendesha gari vibaya hivyo. Mtandao ukipotea jangwani alinisihi nikimbize, ukirudi alinisihi nisimame. Sambusa zilipoa magotini pake. Nilimkasirikia kafili kwa wema wake, nikamkasirikia jaji nisiyemjua, nikawatukana hata ngamia.

Simu ililia tukiwa kituo cha mafuta, Riyadh bado mbali. Alisikiliza, akafumba macho, akaniambia: amepewa! Nilipiga honi mpaka wahudumu wakageuka.

"Heri nusu shari, ndugu yangu! Twende ukamwone mama."

Hakucheka. Jaji aliweka masharti: aende kwa mpelelezi kila akiitwa, asiwasogelee mashahidi, na asitoke India bila ruhusa ya mahakama. Kesi za kwao, alisema, huchukua miaka. Miezi miwili ya kafili ingekwisha kesi haijaanza hata kusikilizwa.

"Tugeuze?" niliuliza. Kwa kweli nilitaka aseme tugeuze. Nilikuwa nimemzoea.

Alifunga mkanda. "Yalla."

Uwanjani alinishika mkono kwa muda. "Mwambie bosi ahsante. Mwambie nitarudi."

Kafili bado huniuliza fundi wake anarudi lini. Nasema mama bado anaumwa, na naona haya, maana mzee hunijibu kwa dua. Mama yuko kaburini. Mwanawe alishika jeneza upande wa kichwa.