Mama wa Benchi la Nyuma

Mumewe alimfukuza yeye, mke wa pili, ili yeye mume apate kubatizwa, na mtoto wao akambakiza kwa mke mkubwa. Tangu hapo kila Jumapili hukaa benchi la nyuma, karibu na mlango, na watoto wote wa kijiji cha Akheri wasiotulia ibadani huletwa kwake. Hawachapi wala hawafinyi. Huwapa nyuzi za mgomba wasuke, akiwaelekeza kwa kidole, na mchungaji Mjerumani akirefusha mahubiri huwanong'oneza, "Tulieni, wazee wangu. Hata yeye miguu inamuuma." Jumapili moja Yoeli, mwanawe wa miaka minne, alichoropoka kule mbele akaja kumpanda mapajani. "Mama mdogo, na mimi nisuke," akasema, kama alivyofundishwa nyumbani kumwita. Mkono wa mama ulisita kidogo, kisha ukampa uzi mrefu kuliko wa wenzake. Aliposinzia, baba yake alikuja kumchukua, macho chini. "Mbebe taratibu," mama akamwambia, "akilala shingo yake hulegea." Akambeba, akaondoka. Jani la isale, la kuombea radhi kwa mila yao, mume yule hajamletea hadi leo.