Yoga Nyuma ya Dirisha la Tiketi

Aibu hii nimewaficha wanangu, wajukuu, hata mchungaji, lakini ninyi rafiki zangu nawaambia, ila mkicheka chekeni taratibu, maana goti bado linauma.

Enzi za Mwingereza nilikuwa karani wa tiketi katika stesheni ndogo ya reli chini ya milima ya Upare, si mbali na Same, na mkubwa wangu alikuwa Mhindi mmoja, Bwana Joshi, mtu ambaye hadi leo sijaona mfano wake. Kila alfajiri alikaa kwenye mkeka nyuma ya nyumba yake, miguu kaikunja mmoja juu ya mwingine, macho kafumba, anavuta pumzi polepole (hiyo ndiyo yoga yenyewe), na saa moja kamili yuko ofisini, kofia imenyooka, na mpaka jioni hagombi, hasahau, treni ikichelewa anatabasamu tu. Mimi Mlutheri wa Vudee, kijiji cha huko juu milimani, nikamwonea wivu, nikamwomba anifundishe, naye akanifundisha kukaa.

Basi ikafika siku ya mkaguzi, Mzungu, anakuja na treni ya saa nne kuamua kama nitathibitishwa kazini au nirudi Vudee kulima (na posa nilikwishapeleka kijiji cha Mamba, kwa mzee aliyetaka mkwe wa reli, si mkwe wa jembe). Hesabu ya tiketi nikaikosea mara tatu, nikajiambia, dakika tano tu za yoga, nitulie. Nikafunga dirisha la tiketi, nikapanda juu ya meza, nikakunja miguu, nikafumba macho.

Jamani, nilitulia! Kelele za abiria zikafifia, zikaisha kabisa, nikasema moyoni, kumbe utamu huu Bwana Joshi alikuwa anaula peke yake.

Kumbe wapi! Mama Elikunda, mzee wa kanisa letu, alikuwa wa kwanza kwenye foleni, akachungulia kwenye ufa wa dirisha, akaniona, akawageukia wenzake.

"Nyamazeni! Kijana wetu yumo kwenye sala. Vueni kofia."

Na sisi watu wa milimani, mtu akisali humkatishi, utangoja mpaka amina. Basi abiria wote, na mikungu yao ya ndizi, wakainamisha vichwa wakaningoja.

Nilizinduliwa na filimbi ya treni. Naruka mezani, miguu haipo! Yote miwili imekufa ganzi, nikaanguka na kasha zima la tiketi, nikatoka mlangoni natambaa kwa magoti na viganja, na Mama Elikunda aliponiona akasema kwa sauti kubwa, "Amina!" na umati mzima ukaitikia, "Amina!" Mkaguzi alikuwa ameshashuka, akavua kofia na yeye, akauliza kwa Kiswahili chake, "Nani amekufa?"

Nilitamani ardhi inimeze. Bwana Joshi akaja bila kukimbia, akaninyanyua kwapani, akaniweka kwenye benchi, akaingia akakata tiketi zote mwenyewe, akimpa kila mtu neno jema, huku treni inangoja na mkaguzi amekuwa mwekundu kama nyanya. Alipomaliza akamwendea.

"Kosa ni langu, bwana. Nilimfundisha kukaa, sikumfundisha kuinuka."

Baada ya siku chache zilikuja barua mbili. Yangu ilisema nimethibitishwa. Yake ilikuwa ya onyo, ya kwanza tangu aanze kazi ya reli. Nilikwenda kwake jioni ile, machozi yananilengalenga, hata shikamoo nikaisahau.

"Nisamehe, bwana, nimekuharibia jina."

Akaikunja ile barua, akaitia mfukoni, akaniangalia.

"Miguu imepona?"

Hakuuliza kingine, siku ile wala siku yoyote. Nilipofika nyumbani nililia kama mtoto. Yule alikuwa akimtafuta Mungu wake kabla sisi hatujaamka, ili tukiamka awe tayari kwa ajili yetu. Yoga sikuiacha, lakini dirisha sijalifunga tena watu wakiwa wananingoja, hata kwa sala.